Usiifute Pwani

Mwanangu, ulipokuja kunionyesha picha ulizopiga Paje, ulikuwa na hamu nione jinsi bahari ilivyolainika. Nimeiona. Maji yamegeuka ukungu mweupe, vijiti vimejipanga juu yake safu kwa safu, na mbingu imechukua rangi ya zambarau iliyopauka. Umeushika ufundi upesi, na hilo linanifurahisha. Ndiyo maana nataka kusema nawe mapema juu ya kazi hii ya kuacha shata wazi wakati wa mwanga hafifu, kabla mkono wako haujashika mazoea.

Nianze mbali kidogo, Paris. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kutoka dirishani, chini kukiwa na Boulevard du Temple, barabara ya watu wengi na magari ya farasi. Bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga ndipo lishike picha. Picha ilipotoka, barabara ilikuwa tupu. Farasi hawamo, wachuuzi hawamo, wapita njia hawamo. Pembeni kuna mtu mmoja tu aliyesimama, mguu kauinua, anasafishiwa viatu. Alitulia muda wa kutosha hata bamba likamwona. Anayemsafishia, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikienda, ameonekana nusunusu. Wawili hao wanahesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuingia katika picha ya kamera, na kilichowaingiza ni kukaa mahali pamoja.

Kabla yake, mwaka 1826 au 1827, Nicéphore Niépce aliiacha kamera wazi dirishani kwake, kijijini Saint-Loup-de-Varennes, kwa saa nyingi mno, hata jua likazunguka likaangaza kuta za upande huu na za upande ule katika picha hiyo hiyo moja. Hakuna jicho la mtu lililopata kuona nyumba zimemulikwa hivyo. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yako. Jicho huiachia nukta hii ili liione nukta inayofuata. Kamera iliyoachwa wazi haiachii kitu, hujumlisha. Kinachokaa hujumlishwa juu ya nafsi yake kikakolea. Kinachopita hutawanywa juu ya vyote vilivyo nyuma yake, kikafifia hadi kutoweka.

Sasa njoo kwetu. Pwani ina nini kinachokaa? Mwamba wa matumbawe, mikoko, nguzo za gati, kuta za msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, vijiti. Ina nini kisichokaa? Mtu aliye kazini. Mvuvi anayesukuma ngalawa, mama anayefunga mwani, mtoto anayefukuza kaa, wachukuzi wanaopakua mashua. Ukiacha shata wazi dakika mbili umewafuta wote bila kukusudia, ukabakiwa na ufukwe mtupu, uliotulia, mzuri, usio na mwenyewe. Ndiyo pwani wanayoipenda madalali wa viwanja na watengeneza matangazo ya hoteli. Mimi inaniuma kuiona, maana najua ni nani ametolewa humo.

Vile vijiti vilivyokuvutia ni mashamba. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, na waliokibeba zaidi ni wanawake. Kila kijiti kimepigwa kwa mkono wakati maji yamekupwa, kamba ikafungwa baina ya kijiti na kijiti, mbegu za mwani zikaning'inizwa moja moja kwenye kamba. Wenyeji wanajua shamba hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi, hata pale wewe unapoona maji matupu. Michael Kenna wa Uingereza amepiga nguzo na nyavu zilizosimamishwa majini huko Japani, akiacha shata wazi kwa muda mrefu, na kazi yake ni ya hali ya juu. Najua umeitazama sana, na umefanya vyema. Lakini wewe hukutoka mbali kuja Paje. Unaweza kuuliza shamba ni la nani, ukajibiwa, na jibu hilo likabadilisha mahali unaposimamisha kamera yako.

Sikukatazi shata ndefu. Nimeipenda maisha yangu yote. Ninachotaka ni kwamba kila unapoamua muda, ujue muda huo unamfuta nani na unambakisha nani. Na huwezi kujua hayo bila kuijua pwani yenyewe kwanza, mwanga wake, maji yake na watu wake. Basi nikupe hayo kwa namna ninavyoyajua.

Mwanga wetu una haraka. Vitabu vingi vya kupiga picha vimeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua huzama likienda mshazari na utusitusi wa jioni huvutika. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu hushuka wima. Toka linapozama hadi utusitusi wa kwanza kwisha ni dakika 21 au 22 tu. Hadi giza kamili la nyota ni saa moja na dakika 10 hivi. Katika muda huo mwanga hupungua kwa nusu takriban kila dakika 3. Uielewe vizuri hesabu hiyo. Ukipima mwanga magharibi na kipimo kikakwambia dakika 4, kwisha kwa dakika hizo mwanga umeshapungua zaidi ya nusu, na picha yako itatoka nyeusi kuliko ulivyokusudia. Jioni ongeza muda juu ya kipimo. Alfajiri punguza, maana mwanga unakujia. Na anayefika ufukweni jua linapozama ameshachelewa. Fika saa nzima kabla, chagua mahali, kaza tripodi, kisha ungoje.

Pwani tuna saa ambayo watu wa vitabu hivyo hawana. Adhana ya magharibi hutolewa jua likishazama, na ya isha wekundu ukishaondoka mbinguni. Ya alfajiri hutolewa weupe wa kwanza unapotanda upeo wa mashariki, saa moja na zaidi kabla jua halijachomoza. Hata asiyekuwa Mwislamu anaweza kuzitumia. Ni alama za mwanga zilizopimwa kwa jua lenyewe, na zinahama pamoja nalo mwaka mzima.

Wanaosoma fikihi watakueleza pia kwamba kuna alfajiri mbili. Ya uongo hutangulia: nuru hafifu iliyosimama wima upande wa mashariki, pana chini na nyembamba juu, kisha hupotea. Ya kweli hutanda kwa upana kufuata upeo. Elimu ya nyota inaieleza ile ya uongo kuwa ni mwanga wa jua unaotawanywa na vumbi lililoenea angani kwenye bapa ambamo sayari huzunguka. Kwetu bapa hilo huinuka karibu wima kutoka upeo wa bahari, ndiyo maana nuru hiyo huonekana kwetu vizuri kuliko kaskazini ya mbali. Nenda mashariki ya Unguja, Jambiani au Bwejuu, usiku usio na mwezi na usio na mawingu, kabla ya adhana. Weka tundu la f/2.8, ISO 3200, sekunde 20, elekeza baharini. Picha itakuonyesha kitu ambacho watu wa pwani hii wamekitazama kwa karne nyingi ili wajue lini waache kula daku na lini wasali, na sijaona wapigapicha wetu wengi wakikishughulikia. Nakuachia kazi hiyo.

Juu ya ISO, tundu na muda, nisikuchoshe, maana umeshasoma. Ni sawa na kukinga maji ya mvua: mdomo wa pipa ukiwa mpana, pipa hujaa upesi, ukiwa mwembamba, uliache nje zaidi. Kuna hila moja ya kukuokolea usiku wako. Usijaribu picha ya dakika 4 kwa kubahatisha dakika 4. Panda hadi ISO 6400, piga sekunde 4, tazama. Ikiwa sawa, rudi ISO 100 bila kugusa tundu: umeshuka mara 64, kwa hiyo muda ni mara 64, yaani dakika 4 na sekunde 16. Enzi ya mkanda hatukuwa na njia hiyo, na isitoshe mkanda wenyewe ulikuwa unachoka. Kipimo kikisema dakika moja ulilazimika kuupa kadhaa, kwa sababu kemikali yake hupungukiwa na uwezo wa kupokea mwanga unapokuwa mdogo sana. Sensa ya kamera yako haichoki hivyo. Inapata joto, na usiku wa kaskazi pwani joto ni jingi, kwa hiyo picha ndefu hujaa vidoa vyekundu na vya buluu. Kamera nyingi zina njia ya kuviondoa kwa kupiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, kwa muda ule ule, kisha kutoa ya pili kwenye ya kwanza. Inakula muda mara mbili. Mwanga ukiwa unakimbia, izime. Usiku wa manane, iwashe.

Maji ndiyo yanayoamua picha, hata kuliko mwanga. Kijana anayetazama programu ya jua kwenye simu asitazame mwezi hajui anakokwenda. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 4 hivi. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayafiki nusu ya hapo. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Ukiyajua hayo matatu unaweza kukaa nyumbani ukaiona picha kabla hujaifuata.

Chukua usiku wa mwezi kumi na tano. Saa nne usiku mwezi umeshapanda juu sana, na wakati huo huo maji yamekupwa. Uwanda wote kati ya ufukwe na mwamba uko wazi, mchanga una mikunjo, vidimbwi vinang'aa. Kila mwezi mpevu unakupa saa hiyo, kwa sababu mwezi unaoangaza ndio unaovuta maji. Mwanga wake ni mdogo kuliko wa jua mara 400,000 hivi, lakini kamera itauridhia: tundu la f/4, ISO 400, kati ya sekunde 15 na 30. Usidhani nusu ya mwezi itakupa nusu ya mwanga. Itakupa kama sehemu moja ya kumi, kwa kuwa uso wa mwezi una mabonde na vilima, na jua likiupiga ubavuni vivuli vinaufunika.

Na hapa nina msimamo wangu. Muda huo niliokutajia utakupa picha inayofanana na mchana, mbingu buluu, mchanga mweupe, na nyota juu yake zikionekana kituko. Watu wataishangilia. Mimi nakwambia ipunguze, stopu moja au moja na nusu. Usiku una haki ya kuonekana usiku. Aliyewahi kutembea uwandani kwa mbalamwezi anajua kwamba rangi huwa zimeondoka, kwamba unaona umbo la mtu kabla hujamtambua, kwamba kivuli chako ni cheusi kuliko cha mchana. Picha ikiyapoteza hayo yote kwa ajili ya kung'aa, imesema uongo juu ya mahali ulipokuwa.

Ya nyota ni machache. Mbingu huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ukitaka nyota zibaki nukta, gawanya 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 24 inakupa sekunde 20 hivi. Ukitaka zichore mistari, usinakili duara la watu wa kaskazini. Nyota yao ya kaskazini kwetu Unguja iko chini ya upeo, na ncha ya kusini imeinuka nyuzi 6 tu juu ya bahari. Ukitazama mashariki, nyota za kwetu hupanda wima. Hiyo ndiyo mbingu yako, ichore hivyo.

Nirudi kwa watu, maana ndilo lililonifanya nikuite.

Hiroshi Sugimoto wa Japani, kuanzia miaka ya 1970, aliingia kumbi za sinema akaacha shata wazi filamu nzima, toka mwanzo hadi mwisho. Skrini ilitoka nyeupe tupu. Mapenzi yote, vita vyote, nyuso zote za filamu ile zimejumlishwa zikawa mwanga usio na kitu. Yeye alikusudia hivyo, na ndiyo maana kazi ile ina nguvu. Asiyekusudia hupata weupe ule ule bila kujua ameteketeza nini.

Kwa hiyo jifunze ngazi za muda, uzijue kwa macho. Robo ya sekunde, wimbi bado ni wimbi ila limelegea kingo. Nusu sekunde hadi sekunde 2, maji yanaporudi baharini huacha michirizi mirefu mchangani, na mtu anayetembea hubaki kivuli chenye mwelekeo: unajua anakwenda wapi, hujui ni nani. Sekunde 8, anayetembea hayupo. Aliyesimama akitazama bahari yupo, kingo zake zikitetemeka kidogo kwa pumzi. Sekunde 30, mashua iliyotia nanga imekuwa mashua tatu zilizolaliana. Dakika 2, ni mawe na vijiti. Vijana hurukia huko mwisho kwa sababu ndiko kunakoshangaza upesi. Mimi moyo wangu uko kati ya nusu sekunde na sekunde 2. Hapo maji hulainika yakabaki maji, na mtu hutikisika akabaki mtu. Alfajiri dakika 20 kabla ya jua, kwa ISO 100 na tundu la f/8, unaweza kuanzia sekunde kadhaa ukashuka kadiri kunavyokucha hadi ukaipita ngazi hiyo. Una dakika chache tu. Zitumie kwa anayepita, mawe yatakungoja.

Tena kuna kazi za pwani ambazo zimeumbwa kwa shata ndefu. Mvuvi anayeshona nyavu ameketi, mgongo umetulia, miguu imenyooshwa, mikono peke yake ndiyo inayokwenda. Mpige sekunde 4 wakati wa utusitusi: mwili utatoka wazi na mikono itatoka moshi, na anayeitazama picha ataiona kazi ikitendeka. Fundi anayepiga kalafati ubavuni mwa jahazi, vivyo hivyo. Mzee anayeteka maji ya ngalawa kwa upo, vivyo hivyo. Haihitaji umpangie kitu. Inahitaji ujue ni sehemu gani ya mwili wake inafanya kazi na sehemu gani inabeba kazi, na hilo hulijui kwa kupita na gari.

Zipo na taa. Wavuvi wa dagaa hutoka siku za giza, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki. Usiku wa giza upeo wa bahari huwa na mstari wa mianga, na kila mwanga ni chombo chenye watu. Ukiacha shata wazi sekunde 30, kila taa huchora mpando na mshuko wa chombo chake, na ukitazama kwa makini unaona kwamba chombo hiki kimepigwa na wimbi kwa ubavu na kile kimeelekeza omo. Ukiacha dakika 10, imekuwa utepe mmoja na vyombo havihesabiki. Mimi nashauri usimame pale ambapo bado vinahesabika.

Na usianze na kamera. Anza na salamu, uizungushe kama ilivyo desturi, watu wa nyumbani, afya, bahari inasemaje. Mtu aliyetoka majini alfajiri amechoka, ana samaki wa kuwahi mnada, na wewe umesimama na miguu mitatu ya chuma njiani kwake. Mwambie unachofanya. Mwambie kabisa kwamba picha hii haitaonyesha uso wake vizuri, kwa sababu wengine watafurahi kwa hilo na wengine wataona umewadharau. Ukikataliwa, funga lenzi. Usimlipe mtu ili ajifanye anavuta nyavu saa ambayo nyavu hazivutwi. Anayejua maji akiitazama picha atajua papo hapo.

Sasa vyombo vyako. Mchanga uliolowa humeza miguu ya tripodi kila wimbi linaporudi, kwa hiyo izamishe kwa nguvu kabla ya kupima, ungoje mawimbi mawili matatu iketi, ndipo upige. Zima kitulizi cha lenzi, tumia rimoti au kipima muda cha sekunde 2, funika dirisha la kutazamia kama kamera yako ni ya kioo, maana mwanga huingia kwa nyuma. Kusi likivuma mashariki ya Unguja, usiku mzima huenda usipate sekunde 5 tulivu. Ning'iniza mkoba chini ya tripodi, ujikinge nyuma ya mwamba, au ungoje malelezi, pepo zinapobadilishana na bahari ikalala. Chumvi ifute kwa kitambaa chenye maji baridi siku ile ile, na miguu ya tripodi uioshe kwa maji ya bomba hadi ndani ya maungio. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba nusu saa, vinginevyo lenzi itajaa ukungu na mwanga utakwisha ukiifuta. Adui mkubwa wa lenzi pwani ni kuvu, huota ndani baina ya vioo na hairudishwi nyuma kwa kufuta. Weka lenzi kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na pakiti za kukausha unyevu, na zitumie mara kwa mara. Lenzi iliyofungiwa gizani miezi ndiyo inayooza.

Filta nyeusi ya stopu 10 niliyoiona mkobani mwako inapunguza mwanga mara elfu moja. Picha ya sehemu moja ya 60 ya sekunde huwa sekunde 17. Ni kitu cha manufaa, lakini mtu anayeilainisha bahari saa sita mchana hupata bahari laini chini ya mwanga mkali, na viwili hivyo haviambatani. Mwanga hafifu wenyewe unakupa muda. Amka mapema.

Hili la mwisho lichukue kwa uzito kuliko yote. Ule uwanda wa bamvua niliokusifia unaweza kukuua. Kutoka ufukweni hadi mwambani kuna mahali ni mwendo mrefu, na maji yanaporudi hayaji kwa mbele pekee. Hujaza kwanza mikondo iliyo kati yako na nchi kavu, nyuma yako, gizani, wakati wewe unahesabu sekunde umeinamia skrini. Jua saa ya maji kupwa kabla hujaondoka nyumbani, na maji yakianza tu kugeuka, rudi, hata kama shata iko wazi. Usiende peke yako. Nenda na mtu wa pale, mtafuta pweza au mkulima wa mwani, ambaye mguu wake unajua njia, na umlipe kwa muda wake.

Sasa nikupe kazi. Siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu, maji hukupwa kwenye saa moja asubuhi. Maana yake kunapokucha maji yanaondoka, mwanga bado ni mdogo, na wanaojiandaa kwa bamvua wameanza kushuka mashambani kwao. Nenda Paje siku hizo. Lala pale, ujulikane jioni. Alfajiri simama nyuma ya shamba la mtu mmoja uliyemwomba ruhusa, si mashamba kumi. Piga nusu sekunde, sekunde moja, sekunde 2, ukifuata kucha. Mwache aingie kwenye picha na atoke kwa mwendo wake. Nyuma ya kila picha utakayochapisha andika mahali, tarehe, mwezi ulikuwa wa ngapi, maji yalikuwa yakienda au yakija, na jina la mwenye shamba kama ameridhia litajwe. Kisha uchapishe nakala ya pili, umpelekee kabla hujaionyesha popote, na akikwambia kamba zake umezikata vibaya pembeni, rudi ukapige tena.